Hesabu Isiyo na Chakula

Mwalimu Nusifa alifuta ubao wa darasa la nne kwa somo la saa tano, akaandika tarehe, kisha akageuka kuwaambia watoto wakae. Wengi walikaa. Wengine, akiwamo Brendah, binti wa askari magereza Jimmy, walikuwa wameshapanda hewani wenyewe hadi darini, migongo yao ikigusa mabati.

Shule ilikuwa Mbale, Uganda, nyuma ya nyumba za askari. Mwaka ule wa 1997 karo ilikuwa imefutwa, watoto wakaja kama siafu, madawati yakabaki yale yale. Nusifa alikuwa mgeni, mzaliwa wa Bugembe, karibu na Jinja, aliyehamishiwa huku na kupanga chumba mtaa wa Nkoma. Kule Jinja alikotoka watoto walisinzia tu, hawakupanda. Alimwendea hedimasta, Bwana Geresom, kumuuliza.

"Wanaanza kupanda saa tano, madamu," alisema Bwana Geresom. "Jioni ndugu zao wanawavuta mkono mpaka nyumbani. Shida ni kelele za mabati tu."

Lakini bati moja lilikuwa limetoboka, na jipya lilikuwa likisubiriwa kutoka wilayani tangu mwaka juzi. Tundu lilikuwa juu ya Brendah. Wiki ile alikuwa ametoa kichwa chote nje na kuwatangazia wenzake kwamba maporomoko ya maji ya mlima Wanale yanaonekana vizuri. Yaliyokuwa yakimzuia sasa ni mabega, na mabega yenyewe yalikuwa membamba. Nusifa aliogopa sana.

Chuoni alikuwa amefundishwa kwamba somo tamu humshika mtoto. Akaanza na nyimbo za ndizi na machungwa. Watoto wakafungua vinywa, wakapanda zaidi. Jioni akakaa chumbani kwake akachora chapati kubwa za karatasi, akazipaka rangi mpaka zikang'aa kama zimetoka kwenye kikaango, akazikata nusu na robo. Alijisifu kidogo, naye anastahili kusamehewa. Kesho yake, alipoinua chapati ya kwanza, nusu ya darasa iliondoka sakafuni.

Kuuliza si ujinga. Nusifa akapanda juu ya meza, akamshika Brendah kifundo cha mguu.

"Mwanangu, nifundishe vipi ili ushuke?"

"Madamu, wewe nasema chapati. Jana machungwa. Juzi ndizi. Tumbo nasikia, halafu nabeba mimi juu."

"Asubuhi umekula nini?"

"Sisi nakula jioni."

Nusifa akafungua kitabu cha hesabu. Kila swali lilikuwa la chakula: mama kapika, baba kanunua, watoto wakagawana. Aliyekitunga bila shaka alikuwa ameshiba. Na yeye mwenyewe alikuwa amepamba chapati kwa ajili ya macho yake, bila kumuuliza hata mmoja wa wale waliopaswa kuzitazama.

Safari hii hakukimbilia darasa zima. Aliwabakiza watatu baada ya masomo, Brendah, Latif na Betty, akajaribu nao kwanza. Alileta mchanga. Betty akasema unafanana na sukari, akapanda. Alileta mikebe, ikawa inanuka samli, wakapanda wote. Akawauliza tena, wakamwonyesha rundo la matofali nyuma ya vyoo, yaliyofyatuliwa na wazazi kwa ajili ya jiko la shule ambalo halikujengwa. Tofali halifanani na chakula chochote. Watatu wale wakacheza nayo mpaka jua likapungua, miguu ikiwa chini.

Kesho yake darasa zima lilijenga kuta. Nusu ya ukuta, robo tatu ya ukuta, bomoa, anza upya. Kulikuwa na ubishi kama wa sokoni. Waliokuwa darini wakaanza kuteremka mmoja mmoja, wa mwisho akiwa Brendah. Alikuwa ametoa bega moja nje ya tundu, kisha akatazama chini akaona hesabu ya Latif.

"Hiyo si robo tatu!" akapiga kelele, akashuka kumsahihisha.

Mkaguzi alikuja kutoka wilayani, akafurahi kwa dhati, akaagiza shule zote za jirani ziondoe chakula kwenye hesabu. Bwana Geresom alipouliza habari ya jiko, mkaguzi akajibu kwamba chakula ni jukumu la wazazi. Akashukuru kwa chai, akaondoka.

Siku moja mama yake Brendah, Juliet, akaja shuleni, akampigia Nusifa magoti pale uwanjani.

"Madamu, asante sana. Zamani mtoto yangu miguu yake nakuwa safi kama ya mtu ya kulala. Sasa narudi na vumbi. Mimi naosha hiyo vumbi, nalia na furaha. Mungu akuone."

Nusifa akamwinua, na yeye machozi yakimlenga. Hakuna shukrani iliyowahi kumwingia moyoni kama ile.

"Na chakula, mama? Asubuhi anapata chochote?"

"Jioni, madamu. Posho ya afande, baba yake, natosha mara moja."

Wakashukuriana tena, wakashikana mikono yote miwili. Kengele ya chakula cha mchana ikalia. Nusifa akaomba radhi, akarudi darasani mbio, maana saa ile ndiyo iliyohitaji somo zuri kuliko saa zote.