Chupa ya Mjomba Nketia

"Soma tena pale wanaposema imepungua miezi miwili," alisema Pokuaa, shuka la hoteli likiwa limetanda kati yao.

Konadu hakusoma. Barua aliiweka ndani ya sidiria tangu alfajiri, na kwa joto la kiwanda kile cha kufua, ambalo lingeivisha ndizi mkungu mzima kabla ya saa nne, wino ulishaanza kumpiga chapa kifuani. Maneno yake aliyajua kwa moyo. Walikuwa wanamnyang'anya kadi ya ukaazi. Mtu akiachana na mwenzi wake raia wa Ulaya, ilisema barua, hubaki na haki ya kukaa iwapo ndoa ilidumu miaka mitatu kabla kesi ya talaka haijafunguliwa. Yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilidumu miaka miwili na miezi kumi. Alipewa siku kumi na tano za kujibu. Kumi na tatu zilikuwa zimekwenda.

"Kwa maelezo yangu mwenyewe," alisema, akavuta ncha zake za shuka hadi Pokuaa akapepesuka upande wa pili.

"Nivute polepole. Mimi si Wouter."

"Ungekuwa Wouter ningekupitisha kwenye pasi."

Pasi yenyewe ilikuwa gogo la chuma refu kama basi, likitoa mvuke pande zote. Waliliweka kando shuka lile, wakachukua jingine. Kukunja shuka la vitanda viwili ni kazi ya watu wawili wanaokubaliana. Mmoja akiharakisha, linatoka na makunyanzi, na msimamizi analirudisha.

Kosa lilikuwa kwenye fomu. Fomu iliuliza: ndoa yako ilivunjika tarehe gani? Konadu aliandika tarehe tisa Januari, na Mwasante yeyote mwenye akili timamu angeandika hivyo hivyo. Wouter, Mholanzi fundi baiskeli aliyehamia hapa Gent, Ubelgiji, alikuwa ameingiza mwanamke mwingine nyumbani wakati mkewe yuko zamu. Konadu akampigia simu mjomba wake Nketia, kule Kumasi, Ghana, ambaye ndiye aliyepokea kinywaji cha posa. Mjomba akawaita wakubwa wa ukoo, wakakaa kutwa nzima, wakaamua: mwanamume arudishiwe kinywaji chake. Siku hiyo ya tisa, kwenye sebule ya mzee wao mmoja wa hapa Gent, mbele ya mashahidi sita, chupa ilirudishwa. Wouter aliipokea kwa mikono miwili, amejifunga kitambaa cha kente alichojinunulia mwenyewe, bega moja wazi, katika baridi iliyokuwa ikiwagandisha bata mferejini wakiwa katikati ya mlio. Basi, ndoa ikaisha. Mahakamani Konadu alikwenda Agosti, alipopata nafasi na wakili wa bure, kama mtu anayefuata risiti ya kitu alichokwisha kukinunua.

"Mzungu akikuuliza, mjibu kwa karatasi ya Kizungu," alisema Pokuaa. "Kwa hesabu ya mahakama una miaka mitatu na miezi mitano. Chupa ulimtajia ya nini?"

"Aliuliza imevunjika lini. Nilidhani kuvunjika ni kumoja tu."

"Sasa sema ulikosea."

"Sikukosea."

"Basi nenda kamwone huyo shahidi wako mwenye kente."

Maana hilo ndilo lililomchoma zaidi. Ofisi ya ukaazi ilimwandikia Wouter kumuuliza, na Wouter akathibitisha. Na picha ya siku ile akaambatisha.

Konadu alimkuta karakanani, ameinamia gurudumu. Chupa ya Mjomba Nketia ilikuwa rafuni kati ya spana, imechomekwa ua.

"Niliwaambia ukweli," alisema Wouter, akijifuta mikono. "Siku zote nimeheshimu mila zenu, mama."

"Usiniite mama. Walikuuliza tarehe, au walikuuliza ulivyopendeza?"

"Sikujua itakuletea shida."

"Hukujua. Mwanamke kitandani hukujua, picha hukujua. Kichwa hicho unakitumia kuvalia kofia tu?"

Wouter hakukasirika. Hapo ndipo alipokuwa mbaya, huyu mtu: hakasiriki. Alifikiri kidogo, akatabasamu, akavuta karatasi, akaandika kwa dakika tano na kutia saini, na dole gumba likaacha alama ya grisi pembeni.

"Nimewaeleza kwamba ile haikuwa talaka. Ilikuwa kujifurahisha tu. Maonyesho ya utamaduni. Wapelekee, mambo yataisha."

"Maonyesho," alisema Konadu.

"Ni neno tu."

"Mjomba wangu ana miaka sabini na minane. Alikaa kutwa bila kula akitafuta namna ya kuniachanisha nawe bila kukutukana. Alikuwa anaigiza?"

"Konadu. Unataka kadi, au huitaki?"

Aliuliza bila chuki, huku akilizungusha gurudumu kuangalia kama limenyooka. Angemtukana, Konadu angejua la kufanya. Matusi anayo ya kutosha mji mzima na mengine ya kuazimisha. Lakini wema wa namna hii haukuwa na mahali pa kuupigia. Aliichukua barua akatoka, na mlango aliubamiza hivi kwamba kengele za baiskeli zote zilizokuwa dirishani zikalia kwa pamoja.

Siku ya kumi na tano alikaa kwenye ofisi ile, mbele ya karani msichana, mwenye miwani na sauti ya upole.

"Tatizo ni ile sherehe, bibie," alisema karani. "Kama ungekuwa na barua ya mumeo wa zamani, inayosema haikuwa kitu cha maana, ingekuwa rahisi sana."

Barua ilikuwa mkobani. Konadu aliigusa kwa vidole. Kadi ikienda, kazi inakwenda, chumba kinakwenda, na miaka yake yote ya mvuke inakwenda.

"Nipe karatasi," alisema.

"Unaweza kuandika kwa kifupi."

"Nitaandika mpaka nimalize."

Aliandika akikandamiza kalamu hadi meza ikatikisika.

*Tarehe tisa Januari mjomba wangu alivunja ndoa yangu. Hayakuwa maonyesho. Agosti niliiomba mahakama yenu ivunje ndoa yenu, ile mliyotufungisha nyinyi mwezi wa Machi. Kati ya hapo mlinikata kodi kama mke wa Wouter, na barua za ofisi hii ziliniita mke wa Wouter. Sheria yenu inahesabu hadi siku ya kesi. Basi hesabuni yenu mpaka mwisho. Yetu mwachieni mjomba.*

Kalamu ilikuwa imevuja. Konadu alitoa barua ya Wouter mkobani, akafutia wino vidole vyake vyote kumi, kimoja kimoja, akaitupa kwenye kapu la taka.

Karani aliisoma ile karatasi. Akainuka, akaingia nayo chumba cha ndani chenye ukuta wa kioo, akampa mkubwa wake, mwanamume mnene aliyekuwa tayari amevaa koti la kuondokea. Mwanamume aliisoma akiwa amesimama, funguo mkononi. Alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akaweka funguo mezani, akavuta kiti, akaketi na koti lake, akaanza kuisoma upya kutoka juu.