Fuawe la Ngolo

Treni ya abiria ilipita Usangu bila kumjua mtu, na ile ya shaba haikupunguza hata mwendo. Treni ya kiwanda cha chuma cha Mbeya ndiyo iliyokuwa na habari na watu. Kila Jumatano asubuhi ilisimama, ikaacha behewa tupu lisilo na paa kwenye njia ya pembeni, ikaondoka na lile la wiki iliyopita. Ulikuwa mwaka wa sabini na saba, kiwanda kina tanuru jipya, na vijiji vyote vya kando ya reli vimeambiwa vilishe tanuru hilo: majembe yaliyokwisha, mapipa yenye kutu, fremu za baiskeli, chochote kilichokuwa chuma.

Mwenyekiti Magesa alilichukua jambo hilo kama vita. Kijiji chake, nje kidogo ya Rujewa, kilikuwa cha watu waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na mara mbili mfululizo kilikuwa kimepitwa na vijiji vya Wasangu kwa uzito wa vyuma. Aibu hiyo ilimkosesha usingizi. Akaitisha mkutano, akatangaza kwamba nyumba itakayofika Jumatano bila karai moja la chuma itanyang'anywa jaruba lake la mpunga. Watu wakacheka kidogo, wakaona mwenyekiti hacheki, wakaacha.

Leokadia hakuwa amecheka tangu mwanzo. Jaruba lile lilikuwa lake. Aligawiwa kwa jina lake mwenyewe, na katika nyumba ya Ngolo hapakuwa na kitu kingine ambacho mtu angenyoosha kidole na kusema hiki cha Leokadia. Mwanamke yule alitaka jambo moja tu duniani, ahesabiwe kuwa mtu katika nyumba ile. Likienda jaruba, anabaki na nini? Anabaki na mwiko.

Maana mumewe, tusifichane, alikuwa ameoa chuma. Ngolo alikuwa mhunzi, na katika ukoo wao fuawe jipya, kile chuma kizito ambacho mhunzi hugongea kazi yake juu yake, huletwa nyumbani kama bibi harusi. Hupakwa samli, hufunikwa kanga, na wanawake huliimbia njia nzima. Mwaka wa sabini na tatu, reli ilipokuwa inajengwa, Ngolo aliwanolea sururu Wachina wa kambi ya karibu. Fundi mmoja wa Kichina akapendezwa naye, akamkatia kipande cha reli cha dhiraa moja, akampa zawadi, mkono kwa mkono, bila karatasi. Kikaja nyumbani kuwa fuawe, kwa vigelegele. Mama Seni, jirani yao, ndiye aliyeongoza nyimbo, akacheza mpaka kilemba kikamdondoka.

Miezi miwili baadaye akaletwa Leokadia, kwa miguu, kwenye mvua, sanduku kichwani, na hakuna aliyetoka nje kumtazama. Ngolo akamwonyesha kibanda cha kazi, akamwambia humo ndani yumo mke mkubwa. Binti wa watu akadhani ni utani. Utani gani! Kila ng'ombe alipozaa, samli ya kwanza ilipakwa kwenye chuma kile, na yeye akaambiwa akombe chungu.

Jumatatu ile alimkuta mumewe akifunga mzigo wa safari ya Iringa, kwenye magereji, kutafuta springi kuukuu za malori. Akamwomba kwa upole amwachie vyuma vya kujaza karai moja. Ngolo hakuinua hata kichwa. Akasema vyuma vyake ni vya kazi, si vya kumfurahisha Magesa, na kama jaruba litakwenda, liende.

"Lile fuawe limenipa majembe yasiyohesabika," akasema. "Wewe miaka minne umenipa nini?"

Akabeba mzigo wake akaenda zake barabarani. Leokadia alisimama pale akiwa na hasira, akikitazama kibanda cha kazi.

Jumatano asubuhi aliingia kibandani, akaling'oa fuawe kwenye gogo lake, akajitwisha. Shingo ilimuuma njia nzima, na kila hatua aliifurahia. Magesa alilipima kwenye mzani, akapaza sauti kwamba nyumba ya Ngolo imeshinda nyumba zote, akawaamuru watu wampigie makofi. Wakapiga, Mama Seni akiwa mmoja wao, ingawa kila mwanamke pale alikitambua kipande kile kwa uso wake uliong'azwa na nyundo. Leokadia hakuwahi kupigiwa makofi maishani mwake. Alitembea kifua mbele, masikini, asijue.

Asichokijua ni kwamba behewa haliondoki kabla gadi wa treni hajapanda juu na kuangalia mzigo. Gadi wa siku hiyo alikuwa Liberatus, mtu wa Iringa, mpole, asiyependa makelele. Wiki mbili kabla, reli za akiba zilikuwa zimeibwa upande wa Chimala, na amri ilikuwa kwamba chuma chochote cha reli kikionekana kwenye vyuma chakavu, kishikwe pamoja na aliyekileta. Liberatus alishuka, akamwita askari aliyekuwa akisafiri na treni, akauliza kwa sauti ya chini nani ameleta kipande hiki. Magesa, aliyekuwa bado anatabasamu, alimwonyesha Leokadia kwa kidole.

Treni ilikuwa inasubiri kupishana na nyingine, na kabla haijapewa njia, Ngolo akateremka kwenye lori la Iringa, akasikia habari, akaja mbio stesheni. Leokadia alipomwona alipumua. Liberatus alieleza kila kitu bila ukali. Mwenye chuma akisema alikipataje, mafundi wa Kichina bado wapo Mbeya, wataulizwa. Atalala ndani siku mbili tatu, kisha ukweli ukithibitika atarudi kwake. Lilihitajika neno moja tu, changu, na jamani, halikuwa neno gumu.

Ngolo alikitazama chuma. Akamtazama askari.

"Sikijui hicho," akasema. "Mimi nimeondoka hapa tangu Jumatatu. Muulizeni huyo mwanamke alikokitoa."

Leokadia alianza kusema mambo yote kwa pamoja, samli, kanga, nyimbo, mwaka wenyewe. Akamgeukia Mama Seni, akamwomba aseme, maana ndiye aliyeimba. Mama Seni akajibu kwamba yeye na kifua chake hiki hajaimba miaka mingi. Wanawake wengine wakaangalia chini. Magesa akasema kijiji chake hakina wezi, na kwamba jaruba litabaki kwa mwenye nyumba, asiye na kosa. Waoga wakubwa, wote.

Wakampandisha kwenye behewa la gadi, nyuma kabisa, apelekwe Mbeya. Aliketi sakafuni, mlango ukiwa wazi, fuawe limewekwa kando yake kama kidhibiti. Njia ilikuwa imeshafunguliwa Ngolo alipokuja akikimbia kando ya reli. Leokadia alijiinua na kunyoosha mkono, maana moyo wa mtu ni mjinga, na alijua kabisa kwamba angemsamehe.

Ngolo hakuushika ule mkono. Alikuwa anamtafuta Liberatus.

"Ndugu gadi," akasema akihema, "kesi ikiisha, mtu akikitaka hicho chuma anakwenda kukiomba wapi?"

Liberatus aliutazama mkono wa Leokadia.

"Na huyu je?" akamuuliza.

Ngolo akageuka, akaangalia nyuma yake, kuona anayeuliziwa ni nani.