Dozi Mbili za Bimkubwa

Ulimi hauna mfupa, na wa Fundi haukuwa hata na breki, ingawa kutengeneza breki za watu ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa fundi baiskeli, na karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yake mwenyewe. Siku ile ya balaa wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri viraka vikauke. Mmoja akamuuliza mbona haweki redio ya kuwachangamsha watu. Fundi, mikono imejaa grisi, akajibu bila kuinua kichwa kwamba redio anayo ndani, haili betri, haina kitufe cha kuzimia, na inatangaza tangu alfajiri mpaka watu walale. Wateja wakacheka mpaka benchi likalia. Kumbe mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai aliyowapikia wateja hao hao.

Aliwapa chai mmoja mmoja, akampa na mumewe, akatabasamu, akarudi ndani. Fundi akadhani amepona. Maskini, hakujua kuwa lile lilikuwa tabasamu la mtu anayefunga duka.

Tangu saa hiyo mkewe hakumsemesha tena. Siku ya kwanza Fundi alifurahia utulivu. Siku ya pili akajiambia kuwa mtu akinuna ni wa kuachwa anune, atachoka mwenyewe. Siku ya tatu akagundua kwamba ameoa mtu asiyechoka, basi naye akanuna, maana hata mwenye kosa ana heshima zake. Neno la kumtoa pale alilijua, nalo ni fupi, lakini kila alipotaka kulisema alichukua spana akarudi barazani.

Chakula alipewa, tena cha moto. Shati lilifuliwa, maji ya kuoga yalitengwa. Alipata kila kitu isipokuwa sauti. Yale ya lazima yalipitia kwa mama yake Fundi, bibi kizee mwenye chumba chake upande wa jikoni. "Mama, mwambie mwanao chumvi imekwisha." "Mama, mwambie mkweo nimesikia." Na hapo wote watatu wamekaa mkeka mmoja, magoti yanakaribia kugusana, bibi kizee yuko katikati anageuza shingo huku na huko huku chakula chake kinapoa.

Jioni ya siku ya nane, bibi kizee aliweka kijiko chini na kutangaza kwamba amestaafu. Alisema hakulea mtoto mpaka akaota mvi ili uzeeni awe tarishi wa watu wenye midomo yao mizima. Kuanzia kesho, alisema, akiona hakuona, akisikia hakusikia. Wao wakadhani anatania.

Sasa, kulikuwa na Bimkubwa. Huyu ndiye ng'ombe wao wa maziwa, mmoja tu, na jina alilipata kwa sababu ya macho yake: alimtazama kila mtu kama mgeni rasmi aliyecheleweshewa kiti. Mama yake alikufa siku ya kumzaa. Mke wa Fundi alimnywesha maziwa kwa chupa, akimlaza jikoni karibu na meko, na Fundi naye alimletea majani mabichi kwenye keria ya baiskeli kila alasiri. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha binti yao wa mwisho chuoni. Ndiyo yaliyotia rangi chai ya bibi kizee pia, na chai isiyo na rangi bibi kizee aliiita maji ya kunawia.

Kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na kalenda, na daktari wa mifugo alikuwa amezungushia tarehe fulani kwa wino mwekundu. Ndiyo siku ya dawa ya minyoo. Mtindo wao ulikuwa mmoja, miaka nenda miaka rudi: atakayewahi kuamka anampa, kisha anapaza sauti uani, "Nimeshampa!" na mwenzake anaitikia, "Haya!" Haikuandikwa popote. Ya nini kuandika, na midomo ipo?

Tarehe yenyewe iliangukia siku ya tisa ya kununiana.

Fundi aliamka mapema siku hiyo. Mkewe alikuwa ameshatoka kwenda kisimani. Akachukua dumu la dawa darini, akapima kipimo ndani ya chupa ya soda, akamshika Bimkubwa taya, akamwinua kichwa, akammiminia polepole pembeni mwa mdomo mpaka tone la mwisho. Kazi safi. Akavuta pumzi apaze sauti kama kawaida, kisha akakumbuka hali ilivyo, akafunga mdomo. Atajua mwenyewe, alisema moyoni. Tena mama yake alikuwa amekaa dirishani na kikombe chake, akiona kila kitu. Akalirudisha dumu mahali pake, akaenda barazani.

Jua lilikuwa limepanda, na wateja wawili wameshawasili, aliposikia ndoo inaanguka uani. Kisha sauti ya mkewe, sauti ambayo hakuwa ameisikia vizuri kwa siku tisa, ikiita: "Bimkubwa! Bimkubwa, una nini?" Fundi aliacha rimu linazunguka, akakimbia.

Bimkubwa alikuwa amesimama miguu ameitanua. Mate yalimtiririka kama bomba lililoharibika, midomo ikicheza, ngozi ya mabega ikitetemeka. Yale macho ya mgeni rasmi yalikuwa yamepotea. Alikuwa akiwatazama kama mtoto anayeumwa, na Fundi akaogopa, akaogopa kweli. Mkewe alikuwa amemkumbatia ng'ombe shingoni, machozi yanamlenga. Hata hapo, jamani, hata hapo, hakuna aliyemuuliza mwenzake swali. Fundi alitoa simu, akampigia daktari kwa vidole vya grisi.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, mtu asiyependa maneno mengi. Alifika kwa pikipiki, akamfunua ng'ombe jicho, akamsikiliza moyo, akainusa ile chupa ya soda.

"Leo mmempa dawa?"

"Ndiyo," alisema Fundi. "Nimempa mimi, alfajiri."

Mkewe aligeuka taratibu. Alimtazama daktari, si mumewe. "Hapana, Daktari. Nimempa mimi. Niliporudi kutoka kisimani."

Daktari alimwangalia mmoja, akamwangalia wa pili, kisha akakiangalia kipimo kilichochorwa kwenye chupa. Wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia, na hapa nyasi zenyewe zilikuwa na pembe mbili na mkia.

Kikohozi kikasikika dirishani. "Mimi niliwaona wote wawili," alisema bibi kizee. "Mmoja baada ya mwingine. Lakini si nilikuwa nimestaafu?"

Alijaribu kulisema kwa ukali, lakini sauti ilimvunjika katikati. Alitoka nje na fimbo yake, akaketi kwenye kigoda karibu na zizi, akaweka mikono mapajani, mdogo kuliko siku zote. Hakuna aliyemlaumu. Nani angeanza?

Daktari hakuwaongezea chumvi kwenye kidonda. Alimchoma Bimkubwa sindano ya kumsaidia, akaeleza kwamba dawa ile ikizidi hufanya hivyo hivyo, na kilichobaki ni kusubiri imtoke mwilini. Wamweke kivulini. Mmoja ashike kamba, mwingine amwegemeze ubavuni, wasimwache alale. Akianza kucheua kabla ya saa nane, amepona. Akilala akakataa kuinuka, basi.

"Na msikae kama mko msibani," aliongeza, akiketi karibu na bibi kizee kusubiri. "Anazijua sauti zenu. Mzungumzisheni, atulie."

Fundi alishika kamba. Mkewe akaegemea ubavu wa ng'ombe. Kati yao kulikuwa na shingo ya Bimkubwa tu. Mwishowe mke ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini, mkono wake ukimpapasa ng'ombe mgongoni. Alimwambia Bimkubwa kwamba binti alipiga simu juzi kutoka chuoni, kafaulu mtihani ule uliokuwa ukimnyima usingizi. Fundi akainua kichwa. Siku sita amekuwa akiwaza mtihani ule, hana wa kumuuliza. Mke akamwambia ng'ombe kwamba paa la jikoni linavuja upande wa kulia. Alimwambia kwamba kuku mwekundu anatagia ndani ya sanduku la spana kuukuu, na mayai yameshafika saba. Fundi alikuwa amelitafuta sanduku lile wiki nzima na kuwashuku wateja wawili wasio na hatia.

Kumbe hivi ndivyo nyumba ilivyokuwa ikiendeshwa, aliwaza. Nyumba imeendelea kuishi siku tisa, yeye ndiye hakuwamo.

Hapo Bimkubwa akalegea goti. Mguu wa mbele ulikunjika, uzito wote ukaja upande wa mke, na mke akapiga yowe. Fundi alijitupa begani mwa ng'ombe akasukuma kwa nguvu zake zote, shavu lake limebanwa kwenye manyoya yenye jasho, uso wake na wa mkewe umbali wa kiganja. Hakupanga kusema. Lilitoka lenyewe.

"Mama watoto, nilikosa. Nilikufanya kichekesho mbele ya watu, na nilikosa. Nisamehe."

Mkewe alikuwa akihema. Bimkubwa aliyumba, akatafuta ardhi kwa kwato, akasimama.

"Shika kamba vizuri," alisema mke.

Maneno matatu tu, tena ya amri, lakini yalisemwa kwake yeye, si kwa mama yake wala kwa ng'ombe. Fundi hakuwahi kusikia kitu kitamu hivyo tangu siku alipokubaliwa posa. Aliishika kamba kwa mikono miwili.

Saa zilikwenda kwa kujikokota. Mate yakapungua, mtetemo ukawa wa hapa na pale. Mke aliendelea kumsimulia ng'ombe, ila sasa aliposimulia, jicho moja lilikuwa kwa mumewe. Masimulizi yakafika kwa jirani yao mwashi, aliyejenga banda la kuku wake mwenyewe. Mwashi alisimama ndani, akapanga matofali kuzunguka, tofali juu ya tofali, huku akiimba na kujisifu kwa kazi yake, mpaka ukuta ukampita kichwa, ndipo akatafuta mlango akakumbuka hakuuacha. Akaanza kumwita mkewe. Mkewe akaja, akasimama nje ya banda, akamuuliza...

"Tazameni," alisema daktari.

Taya la Bimkubwa lilisogea. Lilisimama, likasogea tena, kushoto, kulia. Donge likapanda shingoni, na ng'ombe akaanza kucheua, taratibu, macho yamefumbwa nusu. Kisha aliyafumbua, akamtazama Fundi kwa dharau ile ile ya zamani.

Bibi kizee alimshukuru Mungu kwa sauti, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Mke alicheka na kulia kwa pamoja, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Fundi alishusha pumzi ndefu, akampigapiga Bimkubwa begani. Saa ilikuwa saba na nusu.

Daktari aliagiza maziwa ya siku saba yamwagwe, akachukua kalamu yake ya wino mwekundu, akaifunga kwa uzi pembeni mwa kalenda. Atakayetoa dawa aweke alama, alisema, hata kama wanapendana siku hiyo. Bibi kizee alipoulizwa kwa utani kama anarudi kazini, alisema kustaafu kumemtosha, akiona sasa atasema, lakini tarishi watafute mwingine. Pikipiki ikaondoka.

Fundi alikuwa bado amesimama kivulini, kamba imekunjwa mkononi. Kutoka barazani wateja waliita kuuliza kama kuna mtu.

Mkewe alimtazama. "Ng'ombe kapona. Mbona bado umeshika kamba?"

"Yule mwashi," alisema Fundi. "Bado yumo ndani ya banda. Mkewe alimuuliza nini?"

Mke alimpima kwa macho. Kisha akaiokota ile ndoo iliyoanguka asubuhi, akaipindua, akaikalia.

"Ngoja nianze mwanzo," alisema. "Maana hujui walivyogombana juu ya hayo matofali."

Fundi akaketi chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, na baiskeli za watu zikangoja mpaka jioni.