Panga la Miwa

Kazi ilikuwa rahisi: kila mwanafunzi aandike kurasa mbili kuhusu safari ya masomo waliyoifanya kwa treni, kutoka Kisumu hadi Mombasa na kurudi, aeleze alichokiona na alichojifunza. Mwalimu Beldina alizikusanya insha hizo Ijumaa, thelathini na nane, akaenda kuzisahihishia nyumbani kwake Manyatta. Alipofika ya sita alitupa kalamu ukutani.

Zote sita zilikuwa insha moja. "Kufumba na kufumbua, jambazi sugu alijitosa ndani ya behewa akiwa na panga lililometameta." Anafungua nyingine: jambazi sugu yuleyule, panga linametameta vilevile, mwandishi anasisimkwa na nywele, raia wenye hasira wanamtia jambazi adabu mpaka anakiona cha mtema kuni. Tena kwa hati safi. Wala hakuwa na wa kumlaumu, maana misemo hiyo aliwalisha mwenyewe. Kwa miaka tisa alikuwa akiiandika ubaoni, wanafunzi wakiikariri, kwa sababu mtahini hupenda insha iliyopambwa, na insha ya wizi ina mapambo yake. Hakuna siku hata moja aliyowaambia kwamba mtu anayetiwa adabu namna hiyo hutema meno.

Yeye aliyaona. Yalikuwa matatu, kwenye sakafu ya behewa, karibu na kiatu chake.

Siku sita za mwanzo zilikuwa tamu. Walifika pwani, wakachezea maji ya chumvi wakishangaa kwamba ziwa lao halina ladha hiyo. Njiani walinakili kutoka kwenye vibao vya stesheni urefu wa kila mahali juu ya usawa wa bahari, wakabishana nani kakosea. Usiku wa kurudi ndipo mambo yalipoharibika. Kabla ya mapambazuko, mahali fulani kule milimani, mtu asiyejulikana alirusha jiwe gizani. Kioo kikapasuka, kipande kikamchana Mercyline shavu kuanzia chini ya jicho hadi karibu na mdomo. Msichana alilia hadi sauti ikakauka. Byron, mvulana mrefu kuliko wote, alivua fulana yake ya ndani akaushikilia ule mkato kwa saa nzima, damu ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Owiti, ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Alisimama katikati ya behewa akaamuru, "Vijana, toeni mishipi. Kila mtu ashike yake mkononi. Mtu akiingia hapa, asitoke akitembea." Beldina alimsikia. Hakupinga. Alikuwa na hofu, na amri ile ilimpa nguvu kidogo, kwa hiyo akaikumbatia chupa ya chai ya shule, ile ya chuma ya lita tatu, akakaa karibu na Byron akiutazama mlango.

Kulipopambazuka treni ilisimama katikati ya mashamba ya miwa, nje ya Muhoroni. Trekta iliyosheheni miwa ilikuwa imekwama kwenye kivuko cha reli. Watu wa pale hawahitaji kuambiwa: treni ikisimama, ni biashara. Mlango wa behewa ukafunguka. Mtu akaingia kinyumenyume, ameinama, mkono mmoja ukivuta kitu kutoka nje ambacho hakikuonekana. Mkono wa pili ulikuwa na panga.

Beldina alipiga ukelele. "Jakuo! Mwizi! Mwizi!"

Hakuna neno linalokwenda mbio kama hilo. Ukiliita sokoni Kibuye, hata mtu aliyekuwa akinunua nyanya huokota jiwe bila kuuliza ni nani na ameiba nini. Watoto wale walizaliwa wakilijua. Byron alifika wa kwanza na teke lake lilimpata yule mtu kwenye mbavu, panga likaruka. Kisha wakaja wote. Vichwa vya mishipi vililia juu ya mifupa. Mtu alianguka kifudifudi, wakamgeuza ili wampate usoni. Alijikinga kwa mikono, wakaikanyaga mikono. Wasichana walipanda viti wakishangilia. Na Mwalimu Beldina, ambaye hakuwa amewahi hata kumchapa mwanafunzi kiboko, aliinua chupa ya chai kwa mikono miwili akamshushia kichwani. Akainua tena. Mara ya pili mtu yule alikuwa tayari amelala kimya, na Beldina alimwona hivyo, na bado akapiga. Aibu yake kubwa haikuwa pigo lenyewe. Ni kwamba alisikia raha.

Kilichowasimamisha ni beseni. Mmoja wao alijikwaa kwenye kitu pale mlangoni, beseni likapinduka, vipande vya miwa vilivyomenywa vikamwagika hadi katikati ya behewa, vyeupe, vimekatwa kwa kipimo kimoja. Behewa lilinuka utamu.

Aliitwa Khaemba. Alikuwa mkata miwa, na asubuhi aliuza vipande kabla ya kwenda shambani. Sasa alikuwa amelazwa Kisumu, taya limefungwa kwa waya, na madaktari hawakutaka kusema lolote kuhusu jicho la kushoto.

Abiria wa behewa la pili alikuwa amepiga video kupitia mlango. Picha ilionyesha jezi nyekundu ya Byron na mguu wake ukienda na kurudi. Sauti ya mwanamke ikiita mwizi ilisikika vizuri, lakini mwenyewe hakuonekana.

"Hiyo sauti ni ya mmoja wa wasichana, na wasichana ni wengi," Owiti alimwambia Beldina, akitabasamu kama mtu anayempa mwenzake zawadi. "Wewe kusanya insha. Kila mtoto akisema ni jambazi, shule iko salama. Byron alizidisha, basi. Jumatatu bodi inamfukuza, polisi wanamchukua, tunasonga mbele."

Ndiyo maana Beldina alikuwa akizisoma zote, hadi ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa ya Byron. Ilikuwa nusu ukurasa.

"Nilimpiga teke nne. La kwanza niliogopa. Hizo zingine tatu sijui. Alikuwa anasema miwa, miwa. Nilisikia na nikapiga. Mwalimu, nisamehe, sina misemo."

Hakuandika ni nani aliyeita. Alikuwa amekaa bega kwa bega na Beldina asubuhi ile, na alijua. Beldina aliisoma mara tatu, akainama juu ya meza akalia kwa hasira, hasa ya kujichukia. Mtoto wa miaka kumi na saba alikuwa amemficha, naye alikuwa amekubali kufichwa.

Jumatatu asubuhi bodi ilikaa kwenye maktaba. Wanafunzi walikuwa wamejaa dirishani na mlangoni, hakuna aliyewafukuza. Byron alisimama mbele na mama yake, Waringa, muuza mitumba wa Kibuye. Upande wa pili alikaa mke wa Khaemba, mwanamke mwembamba aitwaye Nekoye, amepakata kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Barua ya kumfukuza Byron ilikuwa tayari mezani, mbele ya mwenyekiti.

Owiti alichagua insha iliyopambwa kuliko zote akaisoma kwa sauti ya redio. Alipofika kwenye panga lililometameta, Nekoye alinyanyuka. Alilifungua lile gazeti polepole. Watu wa mbele walisukuma viti nyuma.

Lilikuwa panga fupi, limeliwa na tupa miaka mingi, ncha hakuna, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Utomvu wa miwa ulikuwa umeligandia likawa jeusi kama sufuria ya kuni.

"Hii ndiyo inametameta?" Nekoye aliuliza. "Mwalimu, nionyeshe. Inametameta wapi?"

Owiti alikohoa. "Mama, watoto waliona hatari..."

"Mtoto wangu hakuamka tu akapiga mtu," Waringa alimkatiza. "Mimi nimeona kibanda yangu ikichomwa kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele. Kelele huwa na mwenyewe. Byron, nani aliita?"

Byron alitazama sakafu. "Sijui, Mum."

Mwenyekiti alichomoa kalamu.

Beldina alijiona akisimama kabla hajaamua. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliita mwizi. Sikuuliza, sikungoja. Na nilimpiga na chupa ya chai mara mbili, na mara ya pili alikuwa amelala chini. Andikeni jina langu kwanza, Mzee, ndiyo tuone kama bado mnataka la huyu kijana."

Nekoye aliliacha panga likaanguka. Alivuka chumba kwa hatua tatu akampiga Beldina kofi lililomgeuza shingo, kisha ngumi ya mdomo. Jino likapasua mdomo kwa ndani, damu ikajaa. Alimshika nywele akamgongesha kwenye rafu, vitabu vikamwagika juu yao. "Ni jicho lake!" alikuwa akipiga kelele. "Ni jicho lake, wewe mwanamke!"

"Mshikeni huyo!" Owiti alifoka. "Anaua mwalimu! Mshikeni!"

Wanafunzi walimiminika ndani kupitia mlangoni na madirishani. Beldina, akiwa chini, aliona viatu, kisha akaona mkono mmoja ukivuta mshipi kutoka kiunoni. Mercyline alikuwa miongoni mwao, plasta shavuni, ameinua kiti.

"Kaeni chini!" Damu ilimtoka na maneno. Alijiinua kwa magoti akampa Nekoye mgongo, akiwatazama wao, mikono ameitanua. "Hakuna mtu amguse! Huyu si mwizi! Hajafanya kitu! Kaeni chini, nyote!"

Walisita. Mshipi ulining'inia. Byron ndiye aliyekaa wa kwanza, palepale sakafuni kati ya vitabu, na Mercyline akashusha kiti. Mmoja mmoja wakakaa. Owiti alibaki amesimama peke yake. Mwenyekiti aliifunika kalamu akairudisha mfukoni.

Beldina aligeuka. Nekoye alikuwa akihema, ngumi bado imekunjwa, machozi yakimdondoka kidevuni.

"Saa sita wanafungua wodi," alisema. "Utaenda umwambie mwenyewe. Kwa mdomo wako."

"Nitaenda, Mama."

Nekoye aliinua mkono tena. Chumba kizima kilikuwa kimekaa, na hakuna aliyesogea. Beldina hakujikinga.