Ndoo ya Maji kwa Mkwe

Watu wa kijiji chetu cha Ha Rantsimane wakisimulia habari hii husema Seabata ndiye aliyemwokoa Tlaleng na kichanga chake. Uongo mtupu! Seabata hakuwa na mpango wa kuokoa mtu. Alikuwa anatafuta pa kuota moto. Aliyemlowanisha ni mimi, Nthofeela, kwa hiyo kama kuna sifa za kugawa, waanzie kwangu.

Ilikuwa Julai, kwetu ndiyo katikati ya baridi, theluji imeanguka mpaka mbuzi wanatembea kwa maringo kama wamevaa viatu vipya. Tlaleng, mtoto wa dada yangu, alikuwa amepanda kwetu milimani kujifungua, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Akajifungua binti, mzima, mwenye sauti ya mlevi anayedai bia yake. Na hapo dada yangu, MaTlaleng, akashika madaraka.

Hamumjui dada yangu. Hata mchungaji akirefusha mahubiri, humtazama yeye kwanza kuona kama amekunja uso. Akatangaza kwamba mzazi halali kwenye msonge wa zamani, ule wa nyasi unaopitisha upepo. Atalala kwenye nyumba mpya ya matofali aliyojengewa na mwanawe, yenye madirisha ya vioo. Upepo usimguse mtoto. Mwanamume asikanyage mle mpaka siku zitimie, hata baba wa mtoto. Hasa baba wa mtoto! Madirisha akayaziba kwa magunia, chini ya mlango akasokomeza blanketi kuukuu. Kisha akawasha makaa ya mawe uani, kwenye jiko la bati lenye matundu, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu kabisa, ndipo akaliingiza ndani.

"Dada, jiko na mtoto chumba kimoja?" nikamuuliza.

"Unaona moshi?"

"Sioni."

"Basi funga domo. Kinachoua ni moshi. Mama yetu si alitulea na jiko ndani? Ulikufa wewe?"

Sikufa, ni kweli. Lakini mama alitulea kwenye msonge wa nyasi, na nyasi hupumua. Nyumba ile mpya haikuwa na pua. Hilo tulikuja kulijua baadaye, siku ile tulijua moshi tu. Asubuhi yake dada, aliyelala nao mle, akalalamika kichwa kinamgonga, na Tlaleng naye akasema chake kinamgonga. Nikamwambia dada ni uzito wa zile amri zote alizojitwika. Hakucheka.

Mchana akatokea Seabata, mkwe wetu. Ni fundi cherehani wa Maseru, mtu wa tambarare, ambaye ikifika Aprili tu keshajifunga skafu. Simu zilikuwa zimekatika kwa ajili ya theluji, kwa hiyo alikuwa hajui lolote. Gari alilopanda lilianza kuserereka kwenye kona za juu. Dereva, ambaye minyororo ya magurudumu aliiacha nyumbani eti mizito, akawaambia abiria washuke wasukume. Wakasukuma mpaka gari likageuka likatazama lilikotoka, na dereva akaona hiyo ndiyo njia, akarudi zake. Seabata akauvuka mlima kwa miguu akifuata nyayo za farasi. Alipoingia uani ndevu zilikuwa na barafu na midomo haifungiki.

"Mama, shikamoo. Tlaleng hajambo? Amekwisha...?"

Kwetu baba hajibiwi swali hilo kwa mdomo. Akizaliwa wa kiume, baba huchapwa fimbo. Akizaliwa wa kike, baba humwagiwa maji. Dada akanikonyeza. Nikavunja barafu iliyokuwa juu ya pipa, nikachota ndoo tele, nikamnyatia kwa nyuma, nikammwagia yote kuanzia kwenye kofia.

Khaa! Alivyoruka! Majirani walikuwa wamejipanga ukutani kungoja hilo tu, na mzee mmoja alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

"Binti!" tukapiga vigelegele. "Umepata binti, Ntate Seabata, sasa u baba kweli!"

Maskini naye akacheka, akatoa na machozi, akajaribu kucheza. Halafu meno yakaanza kumgongana. Upepo ulikuwa mkali, na suruali yake ikaanza kukakamaa mwilini, akitembea inalia kama bati.

"Mama, na-na-naomba nikaote moto."

"Nenda msonge wa wanaume."

"Nimepita pale. Hauna moto, na kuni zimelowa."

"Basi sogea hapa penye chungu."

Tulikuwa tunapikia uani, nyuma ya ua wa matete. Moto wenyewe upepo unaupeperusha huku na huku, chungu kimekataa kuchemka tangu asubuhi. Seabata akautazama moto ule, akanitazama mimi.

"Moto wa maana uko wapi?"

"Uko kwa mzazi," nikamwambia.

"Na huingii," dada akadakia.

"Mama, ni mke wangu!"

"Alikuwa mwanangu kabla hajawa mkeo. Huingii."

Akaenda mlangoni akitetemeka, akagonga. "Tlaleng! Mke wangu! Nirushie hata blanketi, nakufa huku!"

Kimya.

"Amelala," dada akasema. "Mzazi hulala."

"Tlaleng!"

Kimya tena. "Amekununia," nikamtania. "Na mimi ningenuna, kwa ndevu hizo."

Watu wakacheka. Seabata akageuka, midomo imekuwa rangi ya zambarau.

"Mama, unisamehe. Adabu zangu zimeganda, nitakuomba radhi zikiyeyuka."

Akaupiga mlango bega. Dada akamrukia na mwiko, akamchapa nao mgongoni, wa pili, wa tatu. Komeo likang'oka, mkwe wetu akaangukia ndani, na uani tukaangua kicheko kingine.

Kikakatika sauti yake iliposikika. "Mama! Haamki! Mama, haamki!"

Akatoka kinyumenyume akimburuta Tlaleng kwa makwapa, akamlaza kwenye theluji. Mimi nikaingia kumchukua mtoto. Mle ndani mlikuwa na joto zuri, halina moshi wala harufu, na bado kichwa kikanizunguka kabla sijafika kitandani. Kichanga kilikuwa kimelegea mikononi mwangu kama kitambaa cha kufutia vyombo. Nikakitoa nje, nikakipuliza usoni, nikakifinya unyayo. Wengine walikuwa wanasali. Mimi kuomba sijui, nikatukana. Nilimtukana yule mtoto matusi yote ninayoyajua, huku nalia, mpaka akakunja uso, akavuta pumzi na kunijibu kwa ukelele.

Tlaleng akatapikia viatu vya mumewe, akafumbua macho.

"Mbona umelowa?"

"Nimeambiwa ni binti," Seabata akasema, akalia kwa sauti mbele ya wanaume wenzake.

Tukawafunga mablanketi, tukawapandisha farasi hadi zahanati. Nesi akamvisha Tlaleng kinyago cha hewa, na mtoto naye akapewa hewa yake. Walipotulia akatugeukia sisi. Makaa yasiyo na moshi yana sumu isiyonuka, akasema, na jiko mahali pake ni nje, hata theluji ifike madirishani. Alianza na dada. Dada, ambaye hajakemewa na mtu tangu aolewe, alisimama akitazama viatu vyake.

Tuliporudi, majirani walikuwa wanatusubiri na hoja. Mwanamume ameingia kwa mzazi, siku hazijatimia. Wote wakamgeukia MaTlaleng atoe hukumu, maana sheria hizo ni zake. Yeye alikuwa juu ya kigoda, anabandua magunia madirishani.

"Seabata," akaita bila kugeuka. "Godoro lako nimelitandika mle ndani, karibu na mlango."

"Mama, siku hazijatimia."

"Najua."

"Watu watasema."

"Waache waseme." Akashuka kigodani, akayatupa magunia uani. "Mimi wakilala nasikiliza kama wanapumua, na siamini masikio yangu. Naogopa, mwanangu. Ingia ulale nao. Ila usilale sana."