Likizo ya Fundi Vigae

Mume wangu ni fundi vigae, na ndiyo maana likizo yetu ya mjini niliiona ikienda arijojo. Kwenye mnara, watu wote walitazama juu. Yeye akapiga magoti na kugonga sakafu. "Kigae hiki kina uwazi chini, mama watoto," akaninong'oneza. Makumbusho, hivyo hivyo. Mgahawani samaki wetu walipoa huku yeye akipiga picha chini ya meza.

"We mwanamume, umenioa mimi au sakafu?"

Akacheka tu.

Tuliporudi chumbani nikamnyang'anya simu nizifute picha zote. Kila picha ilikuwa ya sakafu, na katika kila picha, pembeni, ulikuwepo mguu wangu uliovaa ndala.

"Mguu wangu umefuata nini humu?"

"Ukipiga picha ya kigae, unaweka pembeni kitu unachokijua kipimo chake, ndipo baadaye ujue ukubwa wa kigae. Wenzangu huweka kalamu."

"Na wewe?"

"Mimi ninachokijua bila kukosea ni wewe."

Nilimrudishia simu bila kufuta hata picha moja. Kesho yake, kabla hatujatoka, nilipaka rangi kucha za miguu.