Sikugeuza Basi

"Geuza basi, dereva. Hilo ni agizo."

Sauti ya mwenyekiti wa klabu ilitoka kwenye simu kama ya mtu anayetafuna mfupa. Tulikuwa tumeshatoka getini, na kwenye kioo nilimwona Mlingoti anatukimbilia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mlingoti ndiye aliyekuwa nyota wetu wa kikapu, kijana mrefu ambaye kila mlango aliuingia kama anausujudia. Kila safari alichelewa, na kila safari tulimngoja.

Nikamtazama Kocha. Ndani ya basi nilimwita Kocha kama wengine. Nyumbani alikuwa mke wangu, na huko pia, nisiwafiche, kocha alikuwa yeye.

"Mzee wangu," aliniambia taratibu, "wenzake wote wamefika. Wewe mbele unaona nini?"

"Naona njia nyeupe."

"Basi twende."

Nikakanyaga mafuta. Nyuma mmoja akapiga kelele, "Leo mfalme atapanda punda!" na basi zima likacheka. Hata leo nikiulizwa, nitakanyaga tena, na kwa nguvu zaidi.

Hakupanda punda. Aliletwa na gari la mwenyekiti, akafika kabla yetu. Mke wangu akamweka benchi robo nzima ya kwanza. Mwenyekiti akateremka jukwaani, tai imemkaa upande.

"Mama, watu wamekuja kumwona yeye, hawakuja kukuona wewe."

Mke wangu hakugeuza hata shingo. "Na wewe ulikuja kukaa jukwaani. Rudi ukakae."

Tulishinda siku ile. Hakuna anayekumbuka.

Jumatatu aliyeitwa ofisini hakuwa mke wangu. Aliitwa Mlingoti. Walimkalisha kwenye kiti kinachozunguka, watu wazima watano wakamzunguka, wakamuuliza: kijana wetu, wewe unasemaje? Mwanamke aliyewafundisha tangu wanacheza kwenye uwanja wa vumbi, hatima yake anaulizwa mtoto aliyenuna, kama anayechagua uji au chai! Naye akasema, yeye au mimi. Mchana wakamfuata mke wangu mazoezini, wakamwambia apumzike. Wachezaji wakainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka.

Mimi nikaambiwa niendelee na kazi. Nikamtilia mwenyekiti ufunguo wa basi mkononi.

"Sasa utakula nini?"

"Nilichokuwa nakula kabla hujaota kitambi."

Kazi ile ndiyo iliyokuwa na bima ya matibabu, yake na yangu. Figo zilipomgomea mke wangu, tulitibiwa kwa kuuza vitu, kisha hapakuwa na kitu cha kuuza. Watu wananiambia, mzee, ni mapenzi ya Mungu. Sawa. Mungu sina neno naye. Lakini wale wa ofisini wasijifiche mgongoni kwake.

Tulipotoka kuzika, Mlingoti alikuja nyumbani. Alichuchumaa mbele ya kiti changu, magoti yakamfika masikioni.

"Pole sana, mzee. Klabu inaomba ruhusa yako. Wanataka kuandika jina la Mama kwenye ukuta wa uwanja."

"Wanaotaka ni akina nani?"

"Mwenyekiti. Yuko nje, garini."

Nikatazama mlangoni. Yeye akaendelea.

"Mzee, siku ile nilikuwa na hasira tu. Waliniuliza, nikajibu. Kesho yake nilirudi kuwaambia yaishe, wakasema, si wewe ndiye uliyetaka?"

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Nilitamani kumchukia. Mpaka asubuhi ile nilikuwa naweza.

"Na leo wamekutuma tena wewe," nikamwambia.

Nikamwonyesha simu yake.

"Mpigie. Mwambie ashuke, aingie humu, aniombe kwa kinywa chake. Mlango uko wazi."

Alipiga pale pale, amechuchumaa. Alisema maneno machache, akasikiliza, akaiweka simu chini polepole. Nje gari likawashwa.

"Anasema ana kikao, mzee."

"Kaa kwenye kiti, mwanangu. Utaumia miguu."

Mwenyekiti hajashuka mpaka leo. Nasikia ukuta walishaupaka rangi, na nafasi ya jina iko tupu. Ikae hivyo hivyo.